Umeme Uliofunikwa kwa Makopa

Hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi. Nilikuwepo paneli ya kwanza ilipopandishwa juu ya paa, nilikuwepo ya mwisho ilipofunikwa, na Waziri mwenyewe alinipa mkono. Haya, mkono alimpa mtu aliyesimama mbele yangu. Na tukienda kwenye ukweli hasa, nchi yenyewe sijaikanyaga. Habari zake nilizipata kwa muuza vyungu, naye alikuwa na haraka. Lakini uongo wangu huu ni mdogo, unaenea kwenye kijiko. Ule wa kujaza sufuria uko mbele.

Ilikuwepo nchi iliyojaliwa jua. Jua lao lilikuwa kali hata kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Mtawala wao aliitwa Baba Mchana, kwa sababu usiku haukuruhusiwa kutajwa mbele yake. Siku moja alitoka barazani, akalitazama jua, akauliza, "Hili nalo liko chini ya wizara gani?"

Mawaziri wakatazamana. Halikuwa chini ya wizara yoyote. Lilikuwa likichomoza hivi hivi tu, kienyeji, tangu enzi za mababu, bila kibali.

Kabla ya chakula cha mchana ikaundwa Wizara ya Jua na Mambo Yote Yanayoangaziwa. Akapewa Daktari Kasembe, mtu mwenye tumbo la heshima na shahada ya heshima, aliyoipata katika chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi na kukifunga mwenyewe jioni. Naye akatangaza ruzuku: kila paa la nchi litapata paneli ya kuvuta umeme wa jua. Gharama zimegawanywa mafungu manne. Serikali, kwa huruma yake, itabeba matatu, mwananchi abebe moja.

Katika kijiji cha Namtumbuka fungu la mwananchi lilikuwa mbuzi. Mafungu matatu ya serikali yalikuwa hotuba, picha ya Baba Mchana, na paneli.

Bi Somoe na mumewe, Mzee Nandonde, walimtoa mbuzi wao wa pekee, jike, tena ana mimba. Bi Somoe alimsindikiza kwa macho mpaka gari likapotea, akasema, "Haya, kaenda mnyama, uje mwanga."

Mafundi walifika wanne, wakapigilia paneli mapaa arobaini kwa siku moja, mbio mbio kama watu wanaoikimbia mvua. Waya mmoja ulishuka ndani ukaishia kwenye taa iliyoning'inia darini. Taa hiyo ilikuwa ndani ya kofia ya bati yenye kina kama cha debe, na ubavuni mwa kofia palichorwa Baba Mchana akitabasamu. Ilikuwa marufuku kuinua uso na kuchungulia ndani ya kofia, maana si adabu kumtazama kiongozi kutokea chini. Kwa hiyo mwanga ulitakiwa uaminiwe kwanza, kuonekana ni baadaye.

Baadaye haikuja. Swichi ilibonyezwa, ikasema ta, ikanyamaza.

Lakini kila magharibi alipita barabarani Bwana Mtipa, Mkaguzi wa Mapaa, zamani mpiga mbiu wa minada, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alisimama mbele ya kila nyumba akaita, "Inawaka?" Na wenye nyumba walitakiwa kuitikia kwa pamoja, "Inawaka!" Aliyeitikia kwa sauti ndogo aliandikwa. Basi watu wakajifunza. Walitundika mfuko wa plastiki wa buluu dirishani, nyuma yake wakawasha koroboi, na kijiji kizima kikawa na mwanga wa buluu wa serikali unaonuka mafuta ya taa. Mtipa alikohoa njia nzima, akaandika kwamba paneli za Namtumbuka zinafanya kazi vizuri sana.

Sasa Mzee Nandonde alikuwa fundi baiskeli. Mtu yule hakuweza kukiona kitu kimefungwa asikifungue. Asubuhi moja alichukua spana zake, akaegemeza ngazi, akapanda.

"Somoe! We Somoe! Njoo uone!"

"Shuka baba, utavunjika kiuno, na sina nguvu za kukukanda."

"Plaiwudi, mke wangu! Plaiwudi tupu! Wameipaka rangi nyeusi, wakachora mistari kwa chaki ya fundi cherehani, wakavisha nailoni. Hata mistari yenyewe imepinda!"

Akacheka. Alicheka mpaka ngazi ikatetemeka, kicheko kikateremka bondeni, kikafika kisimani, wanawake wakaweka ndoo chini kusikiliza. Bi Somoe naye alianza kucheka. Kisha aliona kwamba majirani wote wameingia ndani na kufunga milango, akajifuta mdomo.

"Shuka, Nandonde," akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Irudishe kama ulivyoikuta."

Kesho yake, watu wakinywa uji, lilisimama gari jeupe. Wakashuka vijana wawili wenye mashati meupe na adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu."

"Poleni. Tumeambiwa mzee wetu ana upungufu wa mwanga. Si kosa lake, mama, ni maradhi kama maradhi mengine. Kipo kituo, ataongezewa."

"Upungufu gani? Nandonde anaona mpaka sindano ikianguka mchangani."

"Ndiyo dalili yenyewe, mama," akasema mmoja wao, kwa huruma kabisa.

Mzee Nandonde alivaa kofia yake ya ukindu, akamwambia mkewe, "Nitunzie ugoro wangu, usiwape hawa watani zako," akapanda gari. Hakusukumwa. Walimfungulia mlango kama bwana harusi. Bi Somoe alitiwa wino dole gumba kwenye karatasi iliyoitwa Fomu ya Shukrani.

Mwezi ukapita. Vijana wale wale wakarudi, na adabu ile ile, wakamletea kofia ya ukindu.

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe yupo, mama. Kofia tu ndiyo haitumiki. Kule ndani hakuna jua."

Bi Somoe aliipokea kwa mikono miwili. Aliitundika msumarini, akakaa akiitazama. Mahali wanapoongezea watu mwanga hakuna jua. Alilizungusha neno hilo kinywani kama punje ya mchanga ndani ya wali.

Akamfuata Mtipa. Mtipa akafungua kitabu cha sheria, akakifunga. "Mama, mambo ni mepesi. Mtu hawezi kuwa na upungufu wa mwanga kama nyumba yake ina mwanga. Nyumba yako ikithibitishwa na mkubwa kuwa inawaka, basi Mzee si mgonjwa, na asiye mgonjwa anarudi kwake."

"Na mkubwa huyo anakuja lini?"

"Mkubwa haji. Ndiyo maana wengi bado wako kule."

Aliyewahi kurudi Namtumbuka alikuwa mmoja tu, Mzee Chinguwile, na huyo alikuwa na mjomba wizarani. Kabla ya kwenda alikuwa msemaji wa harusi zote. Sasa alikaa kizingitini mikono juu ya magoti. Ukimwuliza, "Umeamkaje?" anajibu, "Inawaka." Ukimwuliza kama amekula, "Inawaka." Mbuzi akilia nyuma yake, anashtuka, anasimama wima, anapiga kelele, "Inawaka! Inawaka!" Mkewe alikuwa akimfuta mate, anasema kwamba angalau yupo.

Bi Somoe aliyaona yale, akajiambia, hata wa namna hiyo nitamchukua. Wangu akija hivyo, nitamchukua hivyo hivyo.

Ukaja msimu wa mihogo. Mtu akisubiri mumewe, tumbo halisubiri. Bi Somoe alimenya mihogo, akaikata, akatafuta pa kuianika. Mchangani kuku watadonoa, uani mbuzi wa watu watakula. Akainua macho. Pale juu palikuwa na ubao mweusi unaopata moto tangu asubuhi, una ukingo pande zote kama sinia, na hakuna kuku anayefika. Akaegemeza ngazi ile ile ya mumewe.

Makopa yaliyokuwa yakikauka kwa siku nne yalikauka kwa mbili. Yalitoka meupe, makavu, yakivunjwa yanalia ka! Jirani yake Bi Fatu Chikawe, ambaye ni mtani wake tangu usichana, alisimama chini ya ngazi kashika kiuno.

"Somoe, umeanza kumlisha Baba Mchana mihogo?"

"Namrudishia mbuzi wangu kidogo kidogo. Huoni sinia linavyopata moto?"

"Na huyo mumeo akirudi na mwanga wake wa kuongezewa, anawaka mwili mzima, utalalaje naye?"

"Nitamfunika makopa!"

Walicheka, lakini kwa viganja mdomoni, kama watu wanaocheka msibani. Jioni ile Bi Fatu naye aliegemeza ngazi. Kufika Ijumaa mapaa arobaini yalikuwa yamejaa mihogo, na Namtumbuka, ambayo kwa juu ilipaswa kuwa nyeusi, ikawa nyeupe pe.

Wizara ilikuwa na ndege ya kuhesabu paneli kutoka angani, kwa kuwa kuzihesabu kutoka chini kulikuwa kunaleta maswali. Ndege ikapita, ikarudi, ikapita tena chini zaidi, kuku wakaingia mvunguni.

Siku ya tatu Mtipa alikuja mbio, amevaa kiatu kimoja.

"Mama Somoe, umetuua!"

"Kaa kwanza, baba. Nani kafa?"

"Mradi! Mradi ndio umekufa! Rubani kapeleka picha. Wizarani wamekaa kikao siku mbili bila kula. Profesa mmoja kasema ni theluji, kafukuzwa. Waziri kaitazama picha, kasema, hawa watu wamezivisha paneli za Baba Mchana sanda! Nyeupe, juu ya kila paa! Wanatangaza kwamba mradi ni maiti na wao ndio wazishi!"

"Ni mihogo, Mtipa."

"Mimi najua ni mihogo! Lakini nitasemaje? Nikisema mihogo, wataniuliza, mihogo inafanya nini juu ya mtambo wa umeme? Nikisema mtambo si mtambo..." Alitazama nje, ambako Mzee Chinguwile alikuwa kakaa kizingitini kwake. "Anakuja mwenyewe. Kesho. Na magari meupe ishirini. Mama, magari ishirini hayaji kuangalia, yanakuja kubeba."

Bi Somoe alikuwa amesikia neno moja tu.

"Mkubwa anakuja?"

"Anakuja."

"Yule wa kuthibitisha?"

"Mama, hunisikii? Teremsheni mihogo!"

"Haiteremshi mtu hapa," akasema Bi Somoe. "Tukiiteremsha, tumekiri kwamba ilikuwa sanda. Iache. Nitasema naye mimi."

Alfajiri aliamka, akafagia nyumba, akapanda juu ya kigoda akatoa utando wa buibui, akaoga, akajifunga kanga yake mpya. Mtipa alipofika kukagua, jicho lake lilitua kiunoni kwake.

"Na hapo pindoni umefunga nini? Mbona pametuna?"

"Ugoro wa Mzee. Akirudi leo atauulizia huo kabla ya kuniulizia mimi."

Magari yalifika saa tano, meupe, moja nyuma ya jingine, kimya, hayapigi hata honi. Milango ya nyuma ilikuwa imefunguliwa tayari, na ndani viti vilikuwa vitupu. Watu wa Namtumbuka walivihesabu viti, kisha wakajihesabu wenyewe.

Waziri Kasembe alishuka. Akayatazama mapaa, akasafisha koo, akaanza hotuba yake palepale, mguu mmoja bado uko ndani ya gari.

"Wananchi! Jua ni mali ya umma. Atakayelifanyia jua dhihaka ameidhihaki serikali, na atakayeidhihaki serikali ameidhihaki kesho yake mwenyewe, na asiye na kesho hatuna haja ya kumwacha leo! Nani, nauliza nani, alianza kuzivisha paneli zetu sanda?"

Bi Fatu alimshika Bi Somoe kanga kwa nyuma. Bi Somoe akajinasua.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Shikamoo."

Waziri alishikwa na mshangao; ile shikamoo haikuwa kwenye ratiba. "Marahaba."

"Si sanda, Mheshimiwa. Ni mihogo. Tunaomba radhi. Umeme umezidi."

"Umefanya nini?"

"Umezidi. Ruzuku yenu ilikuwa nzito kuliko mapaa yetu. Taa zikawaka mpaka usingizi ukatukataa. Majogoo wakawika mpaka sauti zikakauka. Huyu Bi Fatu hapa aliungua kope. Tukasema, jamani, tuwarudishie wenyewe? Si adabu kurudisha zawadi. Ndipo tukaufunika kwa makopa, upungue kidogo."

"Kweli kabisa," akasema Bi Fatu, akifumba jicho moja. "Kope zote za huku."

Waziri alisimama akiyatafuna yale maneno, na mtu aliweza kuyaona yakishuka kooni, matamu, moja moja. Uso wake ukafunguka. Akauondoa ule mguu ndani ya gari.

"Mmesikia?" akawageukia wasaidizi wake. "Andikeni! Umeme umezidi! Utakaobaki tutawauzia majirani. Andikeni kwamba Namtumbuka watatoa kila mwezi magunia, hapana, mapipa, andikeni kipimo chochote." Kisha akapunguza sauti, akatabasamu. "Na mimi mwenyewe nitauthibitisha. Nioneshe, mama."

Mtipa alishika ukuta. Bi Somoe akapanda ngazi mwenyewe, akakusanya makopa ya paneli yake ndani ya ungo, akateremka, akamkaribisha Waziri ndani. Waliingia na wasaidizi sita. Mlangoni palijaa vichwa vya watu.

Waziri alisimama chini ya kofia ya bati. Bi Somoe akabonyeza swichi. Ta.

Nyumba ilikuwa na giza lake la siku zote, giza la nyumba yenye dirisha dogo. Mtipa alifumba macho, midomo ikimcheza. Waziri aliitazama picha ya Baba Mchana, nayo picha, ikitabasamu, ikamtazama. Saini iliyokuwa kwenye kila paneli ya nchi ile ilikuwa ya nani? Ya Kasembe.

Polepole akauinua mkono, akaukinga uso.

"Lahaula! Macho yangu!"

Wasaidizi watano wakavaa miwani myeusi. Wa sita, aliyeisahau yake, akageukia ukutani.

"Mwanga gani huu!" Waziri akasema nyuma ya kiganja. "Imethibitishwa! Mkaguzi, andika! Inawaka!"

"Inawaka!" wakaitikia wa mlangoni, na nje mbali sauti ya Mzee Chinguwile ikapokea, "Inawaka! Inawaka!" mpaka mkewe akamnyamazisha.

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Bi Somoe. "Basi kama nyumba yangu inawaka, mume wangu si mgonjwa. Nandonde, fundi baiskeli. Alichukuliwa, ni miezi mitatu sasa. Leo kuna magari ishirini, na viti vitupu. Amekuja kwenye lipi?"

Msaidizi mmoja alimnong'oneza Waziri. Waziri akaitikia kwa kichwa, mkono haujashuka.

"Nandonde! Mzee wetu wa baiskeli! Mama, ondoa shaka. Hakuja leo kwa sababu hataki kuondoka. Amenenepa. Anacheka. Jana tu nilikuwa naye."

"Wewe mwenyewe, Mheshimiwa? Hukuambiwa na watu?"

"Mimi mwenyewe."

"Yu hai?"

"Mama! Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Alinikumbatia. Amekusalimu. Nimemwona wazi kabisa, kama ninavyouona mwanga huu."

Bi Somoe alimsogelea hatua moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

"Kama mwanga huu huu, Mheshimiwa? Wala si pungufu?"

"Kama huu huu. Wala si pungufu!"

Bi Somoe akaitikia kwa kichwa, kama aliyejibiwa. Akalishika pindo la kanga akaanza kulifungua, fundo la kwanza kwa vidole, la pili kwa meno. Mtipa alinyoosha shingo kuuona ugoro.

Haukuwa ugoro. Ilikuwa balbu ya taa ya serikali, yenye muhuri wa Wizara ya Jua, ambayo alfajiri ile, juu ya kigoda, Bi Somoe alikuwa ameingiza mkono chini ya kofia ya bati akaichomoa. Aliiweka juu ya kiganja, akakinyanyua kiganja mpaka usoni kwa Waziri, ambaye hata wakati ule alikuwa bado amejikinga macho yasiumizwe na mwanga.